Maktaba, Koha, na vitabu "visivyosomwa"

Najua nimepotea. Baadhi yenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeacha kuandika, na mmoja akataka kujua kama nimehamia ng'ambo. Sijahamia popote, nipo hapa hapa Mombasa. Ila tangu Februari Jumamosi zangu zote zimeishia katika maktaba moja ya jamii kule kaunti ya Kilifi, nikiingiza vitabu kwenye kompyuta (au tarakilishi, kama mwalimu wako wa Kiswahili alikuwa mkali). Leo ngoja niwasimulie kazi hiyo ilivyo, maana wenzangu wengi katika fani ya programu huidharau.

Ukipita vyuo vyetu, "mfumo wa maktaba" ndio mradi wa kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyekosa wazo. Jedwali moja la vitabu, la pili la wanachama, la tatu la kuazima, rangi ya samawati kwenye skrini, maksi zinapatikana, maisha yanaendelea. Maktaba halisi haikai hivyo. Kitabu kimoja kina nakala nne: mbili zimechakaa, moja iko nyumbani kwa mwalimu fulani tangu mwaka juzi, na ya nne ni toleo lingine lenye jalada jingine na kurasa zisizolingana na zile tatu. Mwandishi ana majina matatu na kila jalada limechagua mawili. Jedwali lako moja la vitabu limeshakufa kabla ya saa nne asubuhi.

Maktaba ninayoisema ni chumba kimoja kikubwa chenye kibaraza, vitabu vinavyokaribia elfu tatu, meza sita, na feni mbili ambazo moja ni pambo. Inaendeshwa na kamati ya wenyeji. Mkutubi ni mama mmoja ambaye amekuwa pale zaidi ya miaka ishirini, na Desemba hii anastaafu. Hapo ndipo penye kazi. Kuna rejista, ndiyo, madaftari makubwa yenye jalada gumu, lakini yanaonyesha tu kitabu kiliingia lini na kililetwa na nani. Kitabu kiko wapi, anajua yeye. Mtoto huingia akasema, "Nataka kile kitabu cha yule mtu aliyewatoroka wenzake," naye huinuka, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya tatu, akakitoa. Hakuna programu duniani inayofanya hivyo, na mimi sikwenda kujaribu. Nilichoombwa ni kuhakikisha kwamba Januari, atakapokuwa amepumzika nyumbani kwake, mtu mwingine ataweza angalau kupata rafu.

Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo Mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu. Ndiyo hiyo mashine ya kunifukuza kazi?" Nikamwambia umri ndio unaomfukuza. Alicheka, na tangu hapo tumeelewana.

Sikuwa wa kwanza kuja na mashine. Miaka kadhaa nyuma kampuni moja, jina naliweka kando, iliwauzia programu yake kwa leseni ya kulipiwa kila mwaka. Mwaka wa kwanza mfadhili alilipa. Mwaka wa pili mfadhili hakuonekana, leseni ikaisha, na programu ikakataa kufunguka. Data yote ilikuwa ndani ya faili ambalo hakuna programu nyingine iliyoweza kulisoma, na hapakuwa na kitufe cha kuitoa. Miezi mingi ya kuchapa, kwaheri. Mama akarudi kwenye daftari lake bila kinyongo, na ukweli ni kwamba daftari halijawahi kumdai leseni.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kuhusu programu yoyote ya maktaba ni moja: data inatokaje? Uzuri wa skrini tutauzungumza baadaye.

Tulichagua Koha. Labda mmewahi kuisikia. Ilizaliwa New Zealand, katika maktaba za wilaya ya Horowhenua, ambazo si kubwa hata kidogo. Mwaka 1999 dunia yote ilikuwa na hofu ya mwaka 2000, na mfumo wao wa zamani haungevuka salama. Badala ya kununua mfumo mwingine wa bei ghali, waliwapa kazi watengenezaji wa Katipo Communications wawaandikie mpya, na mwanzoni mwa Januari 2000 ukaanza kazi. Kisha wakafanya jambo ambalo mpaka leo linanifurahisha: wakauachilia kwa leseni ya GPL, mtu yeyote achukue, autumie, aubadilishe. Koha ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, ile zawadi ambayo nawe unatarajiwa siku moja kurudisha kwa namna yako. Mwaka 2011 ulizuka mzozo mkubwa kuhusu nani anamiliki jina hilo kule kwao, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Wazee wa kazi pia watakumbuka CDS/ISIS, programu ambayo UNESCO ilianza kuigawa bure mwaka 1985 na ambayo iliingia katika maktaba nyingi za Afrika. Kwa hiyo wazo la programu ya bure ya maktaba si geni kwetu hata kidogo.

Kuiweka sitawachosha. Kompyuta ya mezani ya mitumba, Debian, kumbukumbu ya gigabaiti nane, betri ya akiba kwa sababu stima ya pale ina tabia zake, na kiruta kidogo ili kompyuta nyingine mbili zisome kutoka kwenye ile ya kwanza. Koha hufanya kazi ndani ya kivinjari, kwa hiyo zile mbili hazihitaji kuwekewa chochote. Intaneti ikikatika, na hukatika, maktaba haijui. Skana ya kusomea mistari tuliinunua Luthuli Avenue, Nairobi, kupitia kwa binamu yangu anayejua kupatana bei kuliko mimi. Vibandiko vya mistari tulichapisha kwenye karatasi ya kawaida na kuvifunika kwa selotepu pana. Vinadumu.

Kazi yenyewe ni rekodi. Kila kitabu katika mfumo wa aina hii huandikwa kwa mpangilio unaoitwa MARC, ambao ulibuniwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960 chini ya mwanaprogramu mmoja mwanamke, Henriette Avram. Kila kitu kina namba yake ya sehemu: 020 ni ISBN, 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 650 ni mada. Ukiutazama kwa mara ya kwanza utadhani ni kazi ya mtu aliyewachukia binadamu, lakini baada ya vitabu mia unaanza kumheshimu mama yule. Alifikiria mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hayajui kabisa. Kwa mfano, katika 245 kuna tarakimu moja ya kuiambia kompyuta iruke herufi ngapi wakati wa kupanga, ili kitabu cha Kiingereza kinachoanza na "The" kisipangwe chini ya T. Kiswahili hakina kitu hicho. Sisi ni sifuri kila wakati, raha tupu.

Raha nyingine ni kwamba rekodi nyingi huzichapi. Kuna itifaki ya zamani iitwayo Z39.50 inayokuwezesha kuuliza katalogi ya maktaba nyingine na kunakili rekodi yake, kwa hiyo siku yenye mtandao mzuri tulikuwa tunavuta. Nikaona kitu cha ajabu: vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa Nairobi, ambavyo nilitarajia tutavichapa vyote kwa mkono, vingi vilikuwa tayari Washington. Sababu yake ni ya kawaida tu. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, na kazi yake ni kukusanya machapisho ya ukanda huu na kuyatengenezea rekodi. Hivyo kitabu kinatoka kwa mchapishaji wa Nairobi, kinasajiliwa, rekodi inakaa Marekani, na sisi Kilifi tunaivuta kutoka huko. Safari ndefu kwa kitabu ambacho kingefika kwa basi la usiku. Lakini kazi ya watu wale ni safi, na imetuokolea wiki nyingi.

Sasa ISBN. Kenya tulipewa kiambishi 9966, hivyo vitabu vingi vya hapa huanza na tarakimu hizo. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, na inafaa kujua inavyopatikana, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kama uliyechapa ulikuwa umesinzia. Chukua namba ya mfano tu, 9966-46-123. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 10, ya pili kwa 9, endelea kushuka mpaka ya tisa kwa 2, kisha jumlisha: unapata 331. Jumla pamoja na tarakimu ya mwisho lazima igawanyike kwa 11, kwa hiyo inahitajika 10 kufika 341. Na kwa kuwa 10 haikai kwenye nafasi moja, inaandikwa X. Ndiyo hiyo X inayowatatiza watu nyuma ya vitabu. Si kosa la mchapaji. Tangu Januari 2007 namba ni za tarakimu 13, nyingi zinaanza na 978, na hesabu imebadilika: unazidisha kwa 1 na 3 kwa zamu na jumla lazima igawanyike kwa 10. Namba ile ile inakuwa 978-9966-46-123-0. X imekwisha kazi.

Haya yanaonekana madogo mpaka ukutane na lahajedwali. Kijana mmoja wa kujitolea aliyenitangulia alikuwa ameingiza vitabu kama mia sita kwenye Excel, kazi ya kusifiwa. Lakini Excel ikiona tarakimu 13 hujifanya profesa wa fizikia na kuonyesha 9.78997E+12, na ikiona namba ya Uingereza inayoanza na sifuri, huitupa ile sifuri. Kwa bahati njema sifuri iliyotupwa inarudishika, kwa sababu ile hesabu ya ukaguzi inakuambia kama umeirudisha sawasawa. Niliandika hati ya Python yenye mistari arobaini hivi na karibu zote zikapona. Vitabu vya zamani havina ISBN kabisa, kwa kuwa mfumo huo ulikuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1970 tu. Vile vya East African Literature Bureau, vyenye karatasi ya manjano na harufu yake ile, tulichapa herufi kwa herufi.

Halafu tukafika kwenye mambo yaliyonifanya niandike makala haya, yaani yale ambayo programu imeyadhania kuhusu vitabu kabla haijakutana na vyetu.

Majina, kwanza. Sehemu ya 100 inataka jina la ukoo, mkato, jina la kwanza. Muyaka bin Haji utamgeuzaje? Haji si ukoo, ni baba yake. Ukimwandika kwa H, hakuna mtoto wa Pwani atakayemtafuta huko. Shaaban Robert kila mtu anamjua kwa S. Ngũgĩ wa Thiong'o hupangwa kwa N, na hapo kuna shida ya pili: mwanafunzi hachapi zile alama juu ya u na i, na lazima "Ngugi" impate "Ngũgĩ". Hilo linatengenezeka kwenye mipangilio ya faharasa. Kwa majina, dawa ni rekodi za mamlaka: unaweka umbo moja kuwa rasmi, na mengine yote unayaandika kama njia za kufikia pale. Mama ndiye aliyekuwa anaamua umbo rasmi, na kigezo chake kilikuwa kimoja: "Watu wanamwitaje wakija hapa mezani?" Nimesoma kurasa nyingi za kanuni za katalogi na sijaona kigezo bora zaidi.

Kisha kipengele kidogo kabisa kilichonila Jumamosi nzima: ile alama ya ng'. Kwenye kibodi kuna alama moja iliyonyooka. Programu za ofisi huigeuza iliyopinda. Rekodi za kutoka Marekani hutumia herufi ya tatu inayofanana nazo kwa macho, lakini kwa kompyuta ni kitu kingine. Na baadhi ya mipangilio ya utafutaji ikiona alama hiyo hulikata neno mara mbili, kwa hiyo "ng'ombe" anakuwa "ng" na "ombe", na wewe unatafuta ng'ombe huku kompyuta inakuletea kila kitu kinachoombwa. Tuligeuza zote ziwe moja wakati wa kuhifadhi na wakati wa kutafuta. Mwenye kuandika programu yoyote ya Kiswahili aliweke hili kichwani mapema.

Utafutaji wenyewe umezoea lugha zinazobadilika mkiani. Ukichapa neno la Kiingereza, programu huongezea kinyota mwishoni na umoja unavuta wingi. Kiswahili kinabadilika kichwani: kitabu, vitabu, mwalimu, walimu, shairi, mashairi. Mtoto anayetafuta "shairi" hapati "Mashairi" hata kitabu kikiwa mbele ya macho yake. Sikuandika kichanganuzi cha lugha, mniwie radhi enyi mliosoma isimu. Niliandika hati fupi inayochukua nomino za kwenye jina la kitabu na kuongeza umoja au wingi wake katika sehemu 653, ambayo inaruhusu maneno huru. Ni suluhisho la jua kali, lakini linafanya kazi.

Na Dewey. Mmarekani Melvil Dewey alichapisha mpango wake mwaka 1876, akaigawa elimu yote katika mafungu kumi. Fasihi ya Kiingereza ina 820 yake nzima, Kilatini 870, Kigiriki 880. Sisi, pamoja na lugha nyingi za bara hili, tumewekwa 896. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Kwa hiyo katika maktaba ambayo fungu kubwa la vitabu ni la Kiswahili, mgongo wa kila kitabu unabeba namba ndefu inayofanana na ya jirani yake, na riwaya, tamthilia na diwani zimebanana kama matatu ya jioni. Dini ni vilevile: Ukristo umepewa kuanzia 220 mpaka 280 na ushei, Uislamu wote uko 297. Hebu fikiria hilo katika mji wa Pwani.

Mama alikuwa amelitatua hili zamani bila kumwuliza mtu. Utepe wa kijani mgongoni ni Kiswahili, na hapo amepanga kwa aina: riwaya juu, tamthilia katikati, mashairi chini. Nyekundu ni vitabu teule vya shule, buluu watoto, manjano dini. Wajumbe wawili wa kamati walitaka tuzitoe zote tubandike Dewey "kama maktaba za kweli". Nilipinga. Koha haijali namba ya rafu ni ya Dewey au ni neno "KIJANI-TAMTHILIA-14". Inahifadhi chochote utakachoipa, na ina sehemu ya mkusanyo na sehemu ya mahali ambazo unazitaja mwenyewe. Namba ya Dewey imebaki ndani ya rekodi kwa atakayeitaka baadaye. Rafu imebaki ya Mama.

Aprili tukaanza kuazimisha kwa skana. Mambo yakaenda vizuri, foleni ikapungua, watoto wakapenda ule mlio. Agosti kamati ikaomba ripoti.

Ilikuwa hivi. Kuna shehena ya vitabu vya msaada inayotarajiwa kutoka ng'ambo, zaidi ya elfu moja, vingi vya Kiingereza, na nafasi hakuna. Mwenyekiti akasema, kwa busara kabisa, kwamba sasa tuna mashine, basi itwambie ni vitabu gani havisomwi ili viondolewe. Ripoti hiyo katika Koha ni ya dakika tano: nipe kila kitabu ambacho hakijaazimwa hata mara moja tangu Aprili. Ikatoa orodha ya vitabu kama mia nne. Ilichapishwa, ikagawiwa, na kila aliyepitisha jicho aliona jambo lile lile. Zaidi ya nusu ilikuwa kijani na nyekundu. *Chozi la Heri*, sifuri. *Bembea ya Maisha*, sifuri. Rafu nzima ya mashairi, sifuri.

Mama alikuwa amekaa pembeni. Akasema, "Hivyo ndivyo vinavyosomwa."

Wajumbe wakamtazama kwa huruma, kama anayetetea watoto wake. Lakini alikuwa anasema ukweli mtupu, na mtu yeyote aliyewahi kukaa pale Jumamosi anaujua. Vitabu teule haviazimishwi kwa sababu nakala ni chache, vinasomewa mezani. Na rafu ya kijani iko karibu na mlango kwa makusudi. Wazee huingia baada ya swala ya adhuhuri, huchukua diwani, husoma kurasa kumi, hurudisha. Vijana wa bodaboda husoma riwaya wakisubiri wateja, na wengine huacha kijiti cha kiberiti kwenye ukurasa walipofika. Hakuna hata mmoja wao anayepita kwenye skana. Kwa Koha, watu hao hawapo. Wanaoazima ni wenye kadi, na wenye kadi wengi ni wanafunzi wanaobeba vitabu vya Kiingereza vya sayansi kwenda navyo nyumbani.

Programu haikudanganya. Iliulizwa kuhusu kuazima, ikajibu kuhusu kuazima. Aliyebadilisha neno "kuazimwa" kuwa "kusomwa" ni binadamu, kati ya kichapishi na meza ya mkutano.

Niliomba wasiondoe kitu kwa miezi miwili, na bila shukrani nyingi wakakubali. Koha ina njia ya jambo hili: unatengeneza mwanachama wa takwimu, ambaye si mtu, ni kadi tu. Ukiskani kitabu kwa kadi hiyo, hakiazimishwi kwa yeyote. Mfumo unaandika tu kwamba kimetumika ndani. Tukaweka kikapu kando ya kila meza na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: USIRUDISHE KITABU KWENYE RAFU, KIWEKE HAPA. Kila jioni kabla ya kufunga, Mama au kijana anayemsaidia anapitisha skana kikapuni. Robo saa haifiki. Wazee walinuna wiki ya kwanza, maana waliona wanaambiwa hawajui kurudisha vitu, wakazoea.

Mwisho wa Oktoba nikatoa ripoti mpya. Kwa wiki hizo tisa, rafu ya kijani ilisomwa ndani mara nyingi zaidi kuliko rafu yoyote nyingine ilivyoazimwa. Mashairi yenyewe yaliwapita vitabu vya kompyuta, na hili lilinichoma kidogo. Nilizipeleka karatasi zote mbili, ya Agosti na ya Oktoba, zikalazwa mezani ubavu kwa ubavu. Kamati haijaamua. Watakaa tena Januari, na Mama hatakuwa na kiti tena pale, ndiyo maana nimeacha ripoti ile ikiwa imehifadhiwa kwenye mfumo kwa jina linaloeleweka, mtu ye yote abonyeze.

Wiki hizi za mwisho tunafanya kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango. MARC inaruhusu maelezo ya kienyeji, sehemu 590, na yeye ananisomea, mimi nachapa. "Hiki akitaka mtoto wa darasa la nne mpe kwanza kile chembamba." "Hiki usimpe mtu bila kuangalia, kina picha zilizokatwa." Kuna riwaya moja ambayo kurasa tatu za mwisho hazipo, na kwa miaka yote kila aliyeifikisha alikuwa anakuja mezani kwake kusimuliwa mwisho. Alinisimulia, nikauchapa, sentensi nane. Sasa ukitafuta riwaya hiyo kwenye katalogi ya maktaba ile, mwisho wake umo ndani ya rekodi. Wanaozingatia kanuni watanisamehe, au wasinisamehe.

Mengine ni ya kawaida. Historia ya nani aliazima nini tumeiweka ifutike baada ya kitabu kurudi, kwa sababu wengi ni watoto na tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Mipangilio hiyo ipo, ni kuiwasha tu. Nakala rudufu inatengenezwa kila usiku, na kila Ijumaa mweka hazina anaondoka na flashi mfukoni. Mara moja kwa mwezi natoa rekodi zote katika faili la MARC, ambalo mfumo wowote wa maktaba wa maana unaweza kulifungua hata Koha ikitoweka kesho.

Limebaki sanduku moja la magazeti na majarida ya zamani chini ya ngazi, ambalo Mama anasema lina mambo na mimi naogopa lina panya. Tunalifungua Jumamosi ijayo, saa tatu. Kama uko karibu, unajua kuchapa, na vumbi halikusumbui, njoo. Chai ipo na mahamri yapo.